Nesi Asiye na Mtani

Wadogo zangu wa wodi ya watoto, siku ya kuniaga mlinipa kanga, keki na kazi. Kanga nimeshazishona pindo. Keki haikufika Magomeni. Kazi ndiyo hii: mlisema niandike nilivyoweza kukaa wodi ile miaka yote bila kupata wazimu. Wapo watakaosema hilo la wazimu halijathibitishwa, lakini nimekubali kuandika kwa sababu kuandika ni kazi ya kukaa, tena ya kukaa nyumbani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ningezaliwa mti ningeota sebuleni. Nikienda Feri kununua samaki najiandaa kama ninayekwenda Hija.

Kama mnasubiri nieleze nilipandaje cheo, kanyweni chai. Cheo nilipewa kwa kuwa walionitangulia walistaafu na mimi nilikuwa nimesimama karibu. Mshahara mnaujua wenyewe.

Niliingia wodi ya watoto nikiwa nimetoka chuo, na kabla ya chuo nilikuwa na matokeo ya kidato cha nne ambayo hayakumfurahisha mtu wala kumuudhi. Niliomba mwenyewe kupangiwa watoto. Nilidhani wagonjwa wadogo wana kazi ndogo. Siku ya kwanza nilisukuma mlango na gauni langu jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe, mtoto wa kitanda cha mlangoni akanitazama, akapiga yowe, na wenzake wote wakamuunga mkono bila kuuliza sababu. Kumbe nilikuwa nimeshahukumiwa kabla sijafika. Mitaani kwetu mtoto akikataa uji anaambiwa, "Nyamaza, nitamwita nesi akuchome." Hata watoto wa jirani pale Magomeni walikuwa wakiniona natoka kazini wanaingia ndani na kufunga mlango.

Aliyenipokea alikuwa Sista Nyamizi, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti. Ulikuwa unajikuna, unageuka, yupo. Alinifundisha mambo ambayo chuoni walikuwa hawana muda nayo. Usimguse mtoto na mikono ya baridi. Iweke kwapani kwanza, hata kama daktari anakutazama. Mfunge mtoto kwa kanga ya mama yake unapotafuta mshipa, maana harufu ya mama inafanya nusu ya kazi. Kata kipande cha boksi la dripu, kizungushie bendeji, mkono wa mtoto ulale juu yake, kanula, ile sindano ya plastiki ya dripu, haitatoka. Na usimwambie mtoto haiumi. Mwambie itauma kama siafu, halafu basi. Mtoto aliyedanganywa na nesi mara moja atakumbuka mpaka awe mbunge.

Alipojua mimi ni Mzaramo alifurahi kama aliyeokota pochi. "Mtani wangu kaletwa na serikali," aliwaambia wenzake. Makabila yetu ni watani, hutaniana bila mtu kukasirika, na tangu siku hiyo nikawa halali yake. Nikichelewa, nimepitia ngomani. Nikisahau kitu, nimekiuza nikamcheze mwali. Mimi nami nilimwambia kwao ni wapagazi, abebe yeye mtungi wa oksijeni, mimi nitashika mpira. Aliubeba kweli, akiguna kama yuko njiani kutoka Tabora na pembe ya ndovu begani.

Mtoto wa kwanza kunifia mikononi aliitwa Yusufu, kichanga mwenye nimonia, kitanda cha dirishani. Alikufa asubuhi, jua zuri, nje watu wanauza chapati. Kanuni niliyoikuta ilikuwa nesi halii mbele ya wazazi, kwa hiyo nilikwenda chumba cha vyombo vichafu nikaanza kuosha vyombo. Vilipokwisha nikaosha vilivyokuwa safi. Mchana wakaja wenzetu wa zamu inayofuata, tukapita kitanda kwa kitanda kama kawaida, Sista Nyamizi akiwasomea ripoti: huyu homa imeshuka, huyu dripu iishe polepole, huyu mama yake hajalala. Tulipofika mwisho wa vitanda, akanishika mabega akanigeuza niwatazame.

"Kitanda cha mwisho," akasema kwa sauti ileile ya ripoti. "Jina Zuhura. Kabila Mzaramo. Amelazwa na huzuni tangu asubuhi, amefiwa na Yusufu. Macho yamevimba, hajala, kunywa anaweza. Ameosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Matibabu ni chai yenye sukari. Ikishindikana apigiwe ngoma, hawa hupona hapohapo."

Nilicheka mpaka kamasi zikanitoka, na humohumo ndani ya kicheko nikalia. Mwenzake wa zamu inayoingia hakucheka. Alijibu, "Nimempokea," kama anavyopokewa mtoto wa dripu, akanikalisha, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza chai, kisha akanisindikiza hadi getini.

Ndiyo ulikuwa utaratibu wao. Wagonjwa wakishakabidhiwa, nesi naye anakabidhiwa, siku ile tu ambayo imempiga. Yeye mwenyewe hasemi kitu. Anayepokea lazima ahakikishe amekula, na asimwache atoke peke yake. Na anayekabidhi lazima awe mtani wake. Hilo halikuwa na mjadala. Sote tumekulia misibani, tunajua pale anayeruhusiwa kuchekesha ni mtani peke yake. Atalala kaburini kabla ya mwenyewe, ataficha sepetu, ataiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatiririka. Akithubutu mtu mwingine, hilo ni tusi, na atatolewa nje kwa kola. Kwa hiyo mimi nilikabidhiwa na Mnyamwezi, Mngoni wetu akikabidhiwa na Mhehe, na Msukuma mmoja mnene alinirithi Sista Nyamizi alipostaafu. Utaratibu haukuandikwa popote, na hakuna daktari aliyewahi kuusikia, maana madaktari wakati wa ripoti huwa wanatafuta kalamu.

Nikawa inchaji, mkuu wa wauguzi wa wodi. Miaka ikaenda. Mizani ya kumning'iniza mtoto kama furushi la sokoni ikaja na kuondoka, vipimajoto vya kioo vikatoweka (nilivunja vingi, sitaji idadi), simu zikaingia, wauguzi wakaanza kumtafuta mtoto wa kumpima huku wakimtafuta mtu wa kumjibu kwenye simu. Ikaja pia semina. Kijana nadhifu alitukusanya ukumbini akatufundisha kwamba mhudumu anaweza kuchoka moyo, si mwili, na akatuelekeza namna ya kupumua. Kupumua tulikuwa tunajua. Tusingejua tungekuwa tumelazwa. Tulipewa juisi tukarudi wodini. Lakini nisimdhulumu. Alisema jambo moja ambalo nililicheka siku ile na baadaye nikalitafuna kwa muda mrefu: kwamba aliyechoka kabisa halii, na mara nyingi ndiye anayefanya kazi vizuri kuliko wote. Nilimnong'oneza mwenzangu kwamba basi mimi ni mzima sana, maana ninalia na kazi nafanya vibaya.

Aneth alikuja miaka hiyo. Mchaga, binti wa watu wa Kilimanjaro walioteremka Kariakoo kufanya biashara. Kaka yake, Deo, ana duka la jumla la vyombo vya plastiki, ndoo, mabeseni, majagi. Mimi nimewaona wauguzi wengi, lakini mikono kama ya Aneth sijaona. Mtoto aliyekauka maji, mishipa imejificha kama wadaiwa, wote tumeshindwa, daktari anaanza kutoa jasho, Aneth anakuja, anapapasa kwa kidole kimoja huku akiimba kidogokidogo, na kanula inaingia. Tulikuwa tunamwita fundi.

Wiki zake za mwanzo alifiwa na mtoto zamu ya asubuhi. Ripoti ikafika mwisho wa vitanda, tukatazamana. Nani amkabidhi? Mtani wa Mchaga ni Mpare, na wodini Mpare hatukuwa naye. Msukuma alisema yeye hathubutu, atamtukana mtoto wa watu bure. Mngoni akasema vivyo hivyo. Tukampa pole kwa adabu, Aneth akajibu yuko sawa, akachukua mkoba akaondoka. Mara ya pili ikawa hivyo. Mara ya tatu hatukutazamana hata.

Tuliheshimu mila, ndiyo tuliyokuwa tunajiambia. Na Aneth alikuwa haonyeshi kuhitaji kitu. Alikuwa hatetemeki, hapotezi neno. Basi ratiba ikipangwa, watoto wazito, wale wa hali mbaya kabisa, tunamwekea yeye. Si fundi, na si ana moyo wa jiwe? Ule wimbo wake sijui ulikatika lini. Siku moja niligundua anatafuta mshipa kimya. Akawa anakula amesimama, halafu hali. Kina mama walioanza kumuuliza maswali walijibiwa kwa neno moja, sahihi kabisa, na neno la pili hawakulipata. Lakini kanula ziliingia vilevile, pengine vizuri zaidi, na sisi tulikuwa tunaangalia kanula.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Salma, mwenye selimundu, wa kulazwa na kutoka, kulazwa na kutoka, tangu anatambaa mpaka akang'oka meno ya mbele na kuota mapya. Mama yake ni mkaanga samaki wa Feri, akija wodi nzima inasikia njaa. Salma alikuwa akifika anauliza, "Aneth yupo?" Akiambiwa hayupo anaficha mikono yote miwili chini ya makalio na mazungumzo yamekwisha. Mara ya mwisho alikuja na kifua, akatibiwa, akapata nafuu, akaanza kudai soda. Siku iliyofuata, asubuhi, kifua kikageuka ghafla. Tulifanya yote ya kufanya, daktari alikuwepo, oksijeni ilikuwepo, Aneth alikuwepo. Salma akaondoka.

Aneth alimaliza zamu. Alimtoa kanula, akamfuta, akamfunga vizuri kwa kanga, akakaa na mama yake mpaka ndugu wakafika, akaandika kila kilichopaswa kuandikwa. Ripoti yake siku hiyo haikuwa na doa. Tukampa pole. Akasema yuko sawa.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Nikapiga simu, akapokea kaka yake. Alinisalimia vizuri, shikamoo mama, akasema mdogo wake yuko dukani, anamsaidia, na kwamba ameamua kuacha uuguzi. Mwisho wa mwezi ataandika barua. Nikamuuliza naweza kuongea naye. Akaenda kumuuliza, akarudi akasema, "Mama, anasema nikwambie yuko sawa."

Siku hiyo kwenye ripoti, tulipomaliza vitanda, binti mmoja mgeni wodini, ambaye alikuwa bado anajifunza taratibu zetu, aliuliza swali la kawaida kabisa.

"Sista, siku ile ya Salma, Aneth alikabidhiwa na nani?"

Msukuma wangu alitazama dripu iliyokuwa haina tatizo lolote.

"Aneth hana mtani humu," nikasema.

"Kwa hiyo huwa anakabidhiwa na nani?"

Ndugu zangu, nimeulizwa maswali na maprofesa katika ziara za wodi, na yote nimeyajibu kwa kuinamisha kichwa kwa heshima. Hilo halikunipa pa kuinamia. Miaka yote ile watu wazima wenye akili zao tulisimama duara, tukamhudumia kila mtu kwa mila, na kwa mila hiyohiyo tukamruka mmoja. Tena yule tuliyemtwisha mizigo ya wote.

Mpare pekee niliyemjua hospitali nzima alikuwa Mzee Mbwambo wa stoo, mtu wa Same, aliyekuwa akitoa glavu kana kwamba anavua vidole vyake mwenyewe. Ukiomba pamba anakuuliza ya mwisho ulifanyia nini. Nilimkuta amekaa nyuma ya dirisha lake, koti la kaki limefungwa vifungo vyote, miwani kwenye ncha ya pua. Nikamwambia kuna Mchaga wetu ameacha kazi, amekimbilia dukani kwa kaka yake Kariakoo.

"Mchaga amekimbilia dukani," akarudia taratibu. "Sasa hiyo nayo ni habari? Samaki akikimbilia majini utakuja kuniita?"

Nikamweleza. Nikamweleza utaratibu wa kukabidhi, na Salma, na ile miaka. Alisikiliza bila kuniangalia, akihamisha boksi moja la bomba za sindano kutoka kushoto kwenda kulia na kulirudisha. Nilipomaliza alivua miwani.

"Yaani mtani wangu alikuwa hapo juu miaka yote," akasema, "na mimi niko hapa chini?"

"Hukuwahi kupanda, mzee."

"Hamkuwahi kuniita. Mlikuwa mnaniita mkitaka spiriti."

Akafunga dirisha la stoo, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akatoka. Walioshuhudia wanasema ndiyo mara ya kwanza stoo ile kufungwa mchana.

Basi nikaenda Kariakoo. Ninyi mnaonijua mnaelewa uzito wa sentensi hiyo. Miaka yote napita kando yake kwenda na kurudi kazini, na kushuka nashuka kwa nadra, sikukuu zikinilazimisha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimeandaa wito wa uuguzi, watoto wanamwulizia, kipaji ni dhamana kutoka kwa Mungu, na mwisho nilikuwa nimeweka chozi dogo kama likihitajika. Mzee Mbwambo alitembea nyuma yangu akilalamikia bei za kila kitu tulichopita bila kununua hata kimoja.

Tulimkuta Aneth kaunta, kalamu kichwani, anawapangia mabeseni wateja waliotoka Kongo. Alikuwa haraka na sahihi, kama kwetu. Alipotuona uso wake ukajifunga. Nikavuta pumzi nianze na wito wa uuguzi. Sikuwahi. Mzee Mbwambo alivua koti lake la kaki, akalitandika mlangoni, akalala chali kukatiza mlango mzima, miguu upande huu, kichwa kwenye ndoo, mikono kifuani.

Wateja wakasimama. Deo akatoka nyuma ya shehena akakimbia kumwinamia.

"Mzee, vipi, umeanguka?"

"Sijaanguka, nimelala. Mimi Mpare. Nimesikia Wachaga mna msiba humu. Nesi wetu kafa, mmemzika kwenye mabeseni bila hata kutuita. Hapiti mtu mpaka nilipwe."

"Mpare," akasema Deo, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wa ukoo wao. Akashika kiuno. Akaangalia wateja, akaangalia saa, akaangalia yule mzee, na nikaona hasira inampotea na mahali pake panaingia kitu cha nyumbani kwao. Akaenda akachukua jagi jipya, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Chukua basi, mtani, utuachie njia."

Mzee Mbwambo alilipokea, akaligonga kwa kidole kusikia unene wake, akaliweka kifuani, akaendelea kulala. "Asante. Hili ni la usumbufu. Bado la maiti."

Mchukuzi mmoja akafika na furushi kichwani akaomba njia, mzigo mzito. Akaambiwa pita juu, ila ukinikanyaga utanilea mpaka nife, na sisi Wapare hatufi haraka, tunaogopa gharama. Watu walikuwa wameshajaa nje wanacheka. Nikamwona Aneth amejifunika mdomo kwa kiganja.

"Mzee Mbwambo, nakuomba, unatuharibia biashara," akasema.

"Ndiyo kazi niliyotumwa na babu zangu. Hebu niambie, mfiwa. Marehemu alikufa na nini?"

Hilo ni swali la mtani. Msibani huulizwa kwa kebehi, na wafiwa hujibu kwa kebehi. Aneth alifungua mdomo kujibu, na kilichotoka si kebehi.

"Nilimwambia mama yake kesho mnakwenda nyumbani," akasema. "Akaniuliza, nifunge vitu? Nikamwambia funga. Alikuwa ameshafunga kila kitu kwenye mfuko. Mpaka vikombe."

Mimi nilikuwepo wodini siku ile na hilo sikulijua. Ungeniambia nimpe pole, ningempa ileile ya siku zote.

Mzee Mbwambo hakuinua hata kichwa.

"Tangu lini Wachaga mmepewa na duka la uhai?" akasema, akitazama dari. "Mngekuwa nalo, si mngeshapandisha bei? Sisi Wapare tungekuwa tumekwisha wote, tumegoma kununua."

Aneth alicheka. Kicheko kilitoka kwa nguvu, kikapasuka katikati, na kilichokuwa kimekaa chini yake kikaja chote. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi akalia kama wanavyolia watu msibani, kwa sauti, bila kuangalia nani yupo. Deo alisimama kidogo hajui mikono aiweke wapi. Kisha akawaomba radhi wateja wake, akavuta mlango wa chuma mpaka nusu. Mchaga wa Kariakoo kufunga duka jua likiwa utosini: mtaa mzima ulituma watu kuja kuuliza nani amefariki.

Nikavuta ndoo nyingine nikakaa karibu naye. Aliwataja watoto wengi, si Salma peke yake. Wengine mimi nilikuwa nimewasahau majina. Alipotulia, Mzee Mbwambo akainuka kwa kushika kaunta, akajikung'uta, akakumbuka kwamba nilimweleza kuna utaratibu. Ripoti za wodini hazijui, basi akafanya kwa lugha ya stoo.

"Nesi mmoja," akasema. "Mali nzuri, imetumika sana, haijawahi kukaguliwa. Nani anapokea?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Deo akaniwahi.

"Nimempokea mimi," akasema.

Sikuwa nimekwenda kumkabidhi kwa kaka yake. Nilikwenda kumchukua, vitanda vilikuwa vimejaa. Lakini mtu akishasema nimempokea, kazi yako imekwisha, unachukua mkoba wako unaondoka. Ndivyo nilivyofundishwa. Wakati natoka Deo alikuwa ameshamtuma mtu kwa mama ntilie alete wali maharage, na Aneth alikuwa anauliza kama kuna pilipili.

Alikaa dukani. Wodini tulisaga meno, tukachoma watoto wa watu mara tatu tatu, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza anarudi lini. Hilo nilikataza kwa mamlaka yote ya uinchaji. Baadaye nilisikia amekwenda Feri kwa mama yake Salma. Walichozungumza sikijui. Najua alirudi amebeba samaki, maana Deo alinilalamikia kwamba duka zima la plastiki lilinuka changu siku mbili.

Kisha asubuhi moja nikamkuta kwenye mlango wa wodi, gauni limepigwa pasi. Alikuja na masharti, na aliyasema mbele ya wote. Watoto wazito wagawanywe, asipewe yeye tu kwa kuwa mkono wake haukosei. Na mila ya mtani iendelee, lakini mtu asirukwe. Asiye na mtani atafutiwe, hata kama ni jikoni, hata kama ni getini. Msukuma wangu alijibu haraka kuliko wote kwamba hilo limepita. Na Mzee Mbwambo, ambaye hajawahi kumpa mtu kitu bila saini, akawa anapanda ngazi kila siku ambayo wodi imempiga Aneth, anahema, anamtukana ukoo mzima kuanzia mlimani, anamkabidhi, anashuka. Alisema anafanya hivyo kulinda vifaa vya serikali.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika, ukiacha kukaa. Aneth ndiye inchaji wenu leo. Najua mnamwogopa kidogo, ni vizuri. Najua anawapangia watoto kwa haki, na anasimama pale mwisho wa vitanda kuhakikisha kila mmoja wenu amekabidhiwa na amekunywa chai. Lakini Mzee Mbwambo alistaafu kabla yangu, yuko Same, anahesabu migomba yake. Juzi nilimpigia simu Aneth, nikamuuliza hali. Akaniambia yuko sawa.

Sikulipenda jibu hilo. Nimeuliza, nimeambiwa stoo siku hizi kuna kijana wa Kimakonde. Mzuri, lakini kwa hili hatufai. Anzeni mapokezi, mwende maabara, jikoni, kwa walinzi, kwa madereva wa gari la wagonjwa. Ulizeni kabila kwa upole, na mkiulizwa la nini semeni Sista Zuhura ndiye anayetaka kujua, mimi nimezoea kusemwa. Mkimpata Mpare, awe mzee awe kijana, hata kama ni mkorofi, mpandisheni juu leo, kabla zamu ya asubuhi haijatoka.